Misingi ya usimamizi wa miradi

Usimamizi wa miradi ni kazi ya kupanga, kuongoza na kufuatilia shughuli zinazolenga kupata tokeo maalumu ndani ya muda, gharama na ubora uliokubaliwa. Misingi yake ni ileile kwa mradi mkubwa wa bandari au reli na kwa mradi mdogo wa kijiji, kama vile kuchimba kisima au kujenga madarasa mawili.

Kusini mwa Tanzania kuna mfano unaotajwa mara nyingi duniani katika somo hili: Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1946 na kusitishwa mwaka 1951. Mji wa Mtwara na bandari yake vilikua kutokana na mpango huo. Kushindwa kwake hakukutokana na uhaba wa fedha wala mashine. Kulitokana zaidi na mambo mawili ya msingi: makadirio hayakujaribiwa kwanza katika eneo dogo, na kazi zinazotegemeana hazikufuata mpangilio wake.

## Maana ya mradi

Mradi una sifa tatu zinazoutofautisha na shughuli za kila siku:

* una mwanzo na mwisho;
* unalenga tokeo moja linaloweza kuonekana au kupimwa;
* unatumia rasilimali zenye mipaka, yaani fedha, watu, vifaa na muda.

Kujenga gati ni mradi. Kupakia na kupakua meli katika gati hilo ni uendeshaji. Kujenga ghala la korosho ni mradi. Kupokea na kupima korosho za wakulima kila msimu ni uendeshaji. Tofauti hii ina umuhimu kwa sababu mradi unaweza kukamilika vizuri na uendeshaji wake ukashindwa baadaye, kama watu, fedha na vipuri vya kuuendesha havikufikiriwa tangu mwanzo.

## Mipaka mitatu

Kila mradi hufungwa na mipaka mitatu: upeo (kazi gani itafanyika na ipi haitafanyika), muda na gharama. Mipaka hiyo inategemeana. Upeo ukiongezwa, ama muda au gharama lazima iongezeke. Muda ukipunguzwa, ama gharama itapanda au upeo upunguzwe. Pale ambapo mabadiliko yanafanyika upande mmoja bila kugusa pande nyingine, kinachopungua kwa kawaida ni ubora: ukuta unajengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, au bati zito linabadilishwa kwa jepesi.

Kwa hiyo mradi huanza kwa waraka mfupi unaoitwa andiko la mradi. Andiko hueleza tatizo, tokeo linalotakiwa, gharama, muda, msimamizi, na namna ya kutambua kwamba kazi imekamilika. Sentensi "kuboresha elimu kijijini" haitoshi. Sentensi "kujenga madarasa mawili yenye sakafu, milango na madirisha, yawe tayari kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari" inaweza kupimwa.

## Hatua za mradi

Vitabu vingi hugawa maisha ya mradi katika hatua tano:

1. Kuanzisha – kutambua hitaji na kufanya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kuona kama mradi unawezekana na unafaa.
2. Kupanga – kugawa kazi, kukadiria muda na gharama, kupanga mfuatano na kutambua vihatarishi.
3. Kutekeleza – kufanya kazi yenyewe.
4. Kufuatilia – kulinganisha kilichofanyika na kilichopangwa, na kurekebisha. Hatua hii huenda pamoja na utekelezaji.
5. Kufunga – kukabidhi, kulipa madeni, kutunza kumbukumbu na kufanya tathmini.

## Mfuatano wa kazi

Kiini cha kupanga ni kujua kazi ipi inategemea ipi. Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini unafuata mazingira ya kijiji cha wakulima wa korosho katika kata kama Mpapura, Wilaya ya Mtwara. Wanakijiji wanataka kujenga madarasa mawili. Kazi zimegawanywa hivi:

* A – kusafisha na kupima kiwanja: wiki 1;
* B – kufyatua matofali ya saruji na kuyamwagilia hadi yakomae: wiki 4;
* C – kuchimba na kujenga msingi wa mawe, baada ya A: wiki 2;
* D – kupandisha kuta hadi kufunga lenta, baada ya B na C: wiki 3;
* E – kununua mbao na kutengeneza kenchi: wiki 3;
* F – kuezeka, baada ya D na E: wiki 2;
* G – plasta, sakafu, milango na madirisha, baada ya F: wiki 3.

Zikijumlishwa moja moja, kazi hizo ni wiki 18. Lakini kazi A, B na E zinaweza kuanza pamoja. Mnyororo mrefu kuliko yote ni B–D–F–G, wenye wiki 12, na huo ndio muda mfupi kabisa wa mradi mzima. Mnyororo A–C–D–F–G una wiki 11, hivyo msingi unaweza kuchelewa wiki moja bila madhara. Mbao zinaweza kuchelewa wiki nne. Matofali hayawezi kuchelewa hata siku moja bila kuchelewesha kila kitu kinachofuata. Msimamizi anayejua jambo hili huweka macho yake kwenye matofali, hata kama kelele kubwa zaidi kijijini ni kuhusu bei ya mbao.

Mfuatano huo lazima uwekwe juu ya kalenda ya mahali husika. Pwani ya Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Korosho huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na fedha za wakulima huja baada ya minada. Hapo ndipo ugumu ulipo: fedha huingia mikononi wakati mawingu nayo yanakusanyika.

Kijiji kikisubiri fedha za korosho na kuanza matofali mwanzoni mwa Novemba, paa litakamilika mwanzoni mwa Januari. Kuta mpya zitakuwa wazi wakati wa mvua, na wanafunzi wa darasa la kwanza watafika kabla ya sakafu kumwagwa. Matofali yakianza mwanzoni mwa Agosti, paa litakuwa juu mwanzoni mwa Oktoba na mradi wote utakamilika mwishoni mwa mwezi huo, kabla ya mvua. Lakini Agosti wakulima hawana fedha, na bado wana kazi ya kupulizia mikorosho na kusafisha mashamba. Kwa hiyo uamuzi wa kweli haufanyiki Agosti. Unafanyika msimu uliotangulia, kijiji kinapokubaliana kutenga sehemu ya mapato ya korosho kwa ajili ya saruji ya mwaka unaofuata, na kupanga zamu za nguvu kazi zisizogongana na shughuli za shamba.

## Zana za kupangia

Njia iliyoenea zaidi ya kuonyesha mfuatano wa kazi ni chati ya Gantt, iliyopewa jina la mhandisi wa Marekani Henry Gantt (1861–1919). Kila kazi huchorwa kama mstari juu ya kalenda, kuanzia siku inayoanza hadi siku inayoisha. Chati hii inaweza kuchorwa kwa kalamu kwenye bango na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji.

Hesabu ya kutafuta mnyororo mrefu wa kazi zinazotegemeana iliendelezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni za DuPont na Remington Rand ziliitumia katika kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda, na wakati huohuo jeshi la majini la Marekani lilibuni njia inayofanana nayo kwa ajili ya makombora ya Polaris. Mwaka 1969 kilianzishwa nchini Marekani chama cha wataalamu wa fani hiyo, Project Management Institute, ambacho hutoa miongozo na vyeti vinavyotambuliwa katika nchi nyingi.

## Mfano wa historia: Mpango wa Karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulifanya kazi kwa takriban wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka kwenye ndege.

Taarifa yake ilipendekeza mashamba 107, kila moja likiwa na ekari 30,000, yaani zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Takriban nusu ya mashamba hayo yangekuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, hasa eneo la Nachingwea. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 24 kwa miaka sita. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliusimamia mpango huo kwa nguvu zote, na mwaka 1948 ukakabidhiwa shirika la umma la Overseas Food Corporation.

### Kuanza mahali pasipofaa

Kusini ndiko kulikopewa sehemu kubwa zaidi ya mpango, lakini hakukuwa na reli wala bandari ya meli kubwa. Kungesubiriwa miaka kadhaa kabla ya matrekta kufika kwa wingi. Wakuu wa mpango hawakutaka kusubiri. Wakaanza mwaka 1947 huko Kongwa, Dodoma, kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa karibu.

Kongwa ina mvua chache na zisizotabirika. Udongo wake una chembe ngumu zilizokula majembe ya matrekta, na ukikauka hugeuka mgumu kiasi kwamba karanga haziwezi kung'olewa kwa urahisi. Mambo haya yangeonekana kwa kulima shamba dogo la majaribio kwa misimu miwili au mitatu. Wagogo waliokuwa wakiishi huko waliijua hali ya mvua, lakini ujuzi wao haukuwa sehemu ya hesabu.

### Mashine bila karakana

Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya vita pia viligeuzwa kuwa matrekta. Vipuri vilikuwa vichache na karakana hazikuwa tayari, hivyo mashine nyingi ziliharibika katika miezi ya kwanza na kukaa bila kazi. Katika mwaka wa kwanza ilipangwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500.

Tofauti hiyo ni ishara ambayo hatua ya ufuatiliaji imewekwa ili kuinasa. Lengo likifikiwa kwa sehemu moja kati ya ishirini, mpango hauhitaji bidii zaidi bali hesabu mpya. Katika Mpango wa Karanga fedha ziliendelea kutolewa, na marekebisho makubwa yalichelewa.

### Bandari iliyokuja baada ya mzigo

Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa Reli ya Jimbo la Kusini. Vifaa vya kwanza vilipitia bandari ya muda huko Mkwaya, katika ghuba ya Lindi, wakati bandari ya kina kirefu ikijengwa Mtwara. Mnamo Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kusitisha mpango, baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kufutwa kwa mpango ulioizaa. Reli nayo ilifikishwa hadi Masasi, lakini haikupata mzigo wa kutosha. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake yakang'olewa.

Kwa lugha ya mfano wa madarasa, bandari na reli vilikuwa matofali, na mashamba yalikuwa kuta. Wapangaji walijaribu kupandisha kuta mahali pengine wakati matofali hayajafyatuliwa.

### Uamuzi wa kusitisha

Kusitisha mradi pia ni sehemu ya usimamizi. Fedha zilizokwisha tumika hazirudi, na kwa hiyo si sababu ya kuendelea. Swali sahihi ni kama fedha zitakazotumika kuanzia leo zitaleta faida inayolingana nazo. Mwaka 1951 jibu lilikuwa hapana. Sehemu ya mashamba ya Kongwa baadaye ilitumika kwa ufugaji, na ranchi ya taifa ya Kongwa iko huko hadi leo.

## Upimaji kabla ya ujenzi: Reli ya TAZARA

Reli ya TAZARA ni mfano wa mradi mkubwa uliopangwa kwa njia tofauti. Inaunganisha Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Upimaji wa njia ulifanyika mwishoni mwa miaka ya 1960, ujenzi ukaanza mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na njia ikakamilika mwaka 1975, kabla ya muda uliopangwa. Reli ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Hata hivyo, TAZARA inaonyesha pia tofauti kati ya mradi na uendeshaji. Njia ilikamilika mapema, lakini baada ya makabidhiano injini zilipata taabu kupanda milima kati ya Mlimba na Makambako, na matengenezo yakawa mzigo wa kudumu.

## Wadau

Wadau ni watu wote wanaoguswa na mradi: wanaolipia, wanaojenga, watakaoutumia, na wale ambao ardhi au maisha yao yatabadilika. Kuwashirikisha kunamaanisha kuwaeleza mapema nini kitafanyika na nani atapata nini, na kuyapa maoni yao nafasi ya kubadilisha mpango.

Mkoa wa Mtwara una mfano wa karibuni. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, mwaka 1982, na ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara katika miaka ya 2000. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, wakazi wengi wa Mtwara walihofia kwamba ajira na viwanda vitaondoka pamoja na gesi. Maandamano yalifanyika mwishoni mwa mwaka 2012, na mwaka 2013, Januari na Mei, zilitokea ghasia zilizosababisha vifo na uharibifu wa mali. Serikali ilieleza kwamba gesi ni mali ya taifa zima na kwamba mtambo wa kuisafisha utajengwa Madimba, mkoani Mtwara. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Kwa upande wa uhandisi mradi ulikamilika. Kwa upande wa wadau gharama yake ilikuwa kubwa, na haikuwemo katika bajeti yoyote.

## Vihatarishi na akiba

Kihatarishi ni jambo ambalo linaweza kutokea na kuathiri mradi. Kwa kila kimoja hujibiwa maswali matatu: kuna uwezekano gani kitokee, kikitokea kitaleta madhara gani, na nani atafanya nini. Katika mradi wa madarasa vihatarishi vya kawaida ni mvua za mapema, kupanda kwa bei ya saruji na bati, fundi kuondoka, na bei ya korosho kushuka hadi michango ikakwama. Kwa sababu hiyo bajeti huwekewa fungu la dharura, na ratiba huachiwa siku za ziada kwenye mnyororo mrefu.

## Ufuatiliaji na uwajibikaji

Ufuatiliaji unahitaji kumbukumbu sahili zinazoandikwa kila wakati: daftari la kupokea na kutoa vifaa, stakabadhi za malipo, na taarifa ya wiki inayoonyesha kilichopangwa na kilichofanyika. Katika miradi ya jamii, pamoja na ile ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulioanzishwa mwaka 2000, kamati ya wanakijiji husimamia kazi, na mapato na matumizi husomwa katika mkutano wa hadhara. Ni vema anayetunza vifaa asiwe yuleyule anayeidhinisha malipo.

Taarifa ya ufuatiliaji ina thamani tu kama habari mbaya inaweza kufika juu bila anayeileta kuadhibiwa. Kamati inayosikia "kazi inaendelea vizuri" kila wiki, huku idadi ya matofali haijatajwa, haifuatilii chochote.

## Kufunga mradi

Mradi hufungwa kwa ukaguzi, makabidhiano ya maandishi na tathmini. Wakati huo pia huamuliwa nani atatunza kilichojengwa na kwa fedha gani. Tathmini nzuri huandika makadirio ya mwanzo kando ya matokeo halisi, ili mradi unaofuata usianze kwa kubahatisha.

Tokeo la mradi linaweza kupata matumizi ambayo waanzilishi hawakuyawazia. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, leo husafirisha korosho za mikoa ya kusini na mizigo mingine, na imeongezewa gati jipya la mita 300. Manufaa hayo ni ya kweli, lakini hayafanyi Mpango wa Karanga kuwa mradi uliofaulu: mradi hupimwa kwa lengo lake, na kilichobaki baada yake hupimwa kwa matumizi yake.